Shelui, Chini ya Sekenke

Barabara kuu ya kutoka Singida kwenda Nzega haimwandai msafiri kwa Sekenke. Kwa muda mrefu unapita juu ya uwanda wa Iramba: Iguguno, kisha Misigiri penye njia panda ya Kiomboi, mashamba ya alizeti yaliyobaki mabua, majabali ya kijivu yaliyopandana, na kando ya lami chupa za mafuta ya alizeti zinazometa juani mbele ya vijana wanaokimbilia kila basi. Halafu nchi inakatika. Mbele ya kioo hakuna tena shamba wala jabali. Kuna anga, na chini kabisa mbuga ya Wembere imetandaa, rangi ya majivu katika mwezi huo wa Novemba, wala huoni inakoishia. Dereva anashusha gia, injini inaguna, basi linaanza kuteremka.

Mlima Sekenke una sifa mbaya kwa madereva wa njia hii. Lami iliyowekwa katika miaka ya 2000 iliondoa vumbi na tope, lakini mteremko na kona vilibaki. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo hupita hapa yakiwa na mzigo kamili. Dereva asiyeingiza gia nzito tangu juu kabisa, akategemea breki peke yake, anaweza kufika katikati ya mteremko breki zimepata moto na hazishiki tena. Tulipoanza kushuka mazungumzo yalikatika ndani ya basi. Mama aliyekaa pembeni yangu aliacha katikati habari za mjukuu wake, akafumba macho, midomo ikawa inacheza bila sauti. Kiti cha mbele, mzee mwenye kanzu alivuta tasbihi punje kwa punje. Mlima ulipokwisha na basi likapata mwendo kwenye tambarare, mama yule alifumbua macho akaendelea na habari za mjukuu pale pale alipokuwa ameziachia.

Mimi nilikuwa na jambo langu. Kabla ya safari hiyo daktari alikuwa amechukua kinyama kidogo kutoka kwenye uvimbe wa titi, akakipeleka maabara, akaniambia nisubiri majibu. Aliyewahi kusubiri majibu ya namna hiyo anajua yanavyomfanya mtu. Huumwi, na hujaambiwa u mzima. Nilikuwa nimeacha kununua vitu vinavyodumu. Nilipita dukani nikaona viatu vizuri, nikajiuliza vya nini. Kulikuwa na harusi ya Januari ya binti wa rafiki yangu, kikundi cha simu kimejaa ahadi za michango, na mimi nilikuwa sijaandika jina langu. Maisha yangu yote nilikuwa nimeyahamishia kwenye siku moja ambayo sikujua ni lini. Nilisali, ndiyo, nilisali sana, lakini sala yangu yote ilikuwa ya kudai kuambiwa mapema.

Shelui nilikwenda kwa sababu mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni mwalimu huko, na aliniambia, "Dada, kusubiri unaweza kusubiria popote. Njoo."

Ni mji mdogo uliokaa mguuni mwa mlima, katika Wilaya ya Iramba, pale barabara inapomaliza kushuka na kuanza kuivuka Wembere kuelekea Igunga. Malori huegesha kando, matingo hulala chini ya tela, nyama na kuku wa kienyeji huchomwa tangu alasiri mpaka usiku wa manane. Wenyeji ni Wanyiramba, lakini sokoni utasikia Kisukuma karibu kila kibanda, na Wataturu hushuka na ng'ombe wao siku za mnada. Kati ya maduka ya nguo na vibanda vya simu kuna maduka ya vifaa vya mgodini: kamba nene, tochi za kichwani, nyundo, mabomba ya plastiki, viatu vya mpira.

Jina la Sekenke lilijulikana mbali kwa sababu ya dhahabu. Mgodi wake ulianza kuzalisha mwaka 1909, enzi ya Wajerumani, nao ndio mgodi wa kwanza wa dhahabu katika nchi iliyokuja kuwa Tanganyika. Ipo kumbukumbu moja ya dhahabu hiyo ambayo siachi kuifikiria. Vita Kuu ya Kwanza ilipolifungia koloni njia za bahari, sarafu zikawa adimu. Mwaka 1916 serikali ya Kijerumani, iliyokuwa imerudi nyuma hadi Tabora, iliamua kupiga sarafu zake za rupia 15 katika karakana ya reli, kwa dhahabu iliyotoka Sekenke. Zilipigwa 16,198. Upande mmoja zina tai wa dola ya Ujerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, na milima nyuma yake. Tarehe 19 Septemba mwaka huo huo jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora. Dola ilikuwa imechora tai wake juu ya dhahabu, madini yasiyoshika kutu, na katika mji ule ilikuwa imebakiza miezi. Leo sarafu hizo zimo katika makabati ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Milimani Sekenke, watu bado wanachimba.

Mdogo wangu alinipeleka huko asubuhi moja, tukiongozana na baba wa mwanafunzi wake, mchimbaji. Njia ilipita katikati ya mashimo ya zamani yaliyozibwa kwa miba na mapya yaliyoezekwa maturubai. Kila shimo linaitwa duara. Lina mwenye leseni, lina mwenye duara anayegharimia chakula, mafuta ya jenereta na baruti, na lina vijana wanaoshuka. Wengi wa wanaoshuka hawana mshahara. Mawe yakitoka yanagawanywa kwa viroba, na kiroba chako kinaweza kuwa na gramu kadhaa au kisiwe na chochote zaidi ya mawe. Unaweza kuchimba miezi ukala maharage ya mwenye duara, mkanda wa dhahabu usionekane. Na jirani yako, hatua chache tu kutoka ulipo, akaupata kwa wiki.

Mwiko wa zamani bado una nguvu katika machimbo mengi, kwamba mwanamke hashuki duarani. Nilibaki mdomoni mwa shimo na kutazama chini. Ngazi za magogo zilishuka mpaka mwanga ulipozikatia. Pande zote nne za shimo zilishikiliwa na matimba, magogo yaliyolazwa na kufungamana kona kwa kona ili udongo usije ndani. Kijana wa zamu aliyekuwa akijiandaa kushuka alivua kofia, akasimama kimya kidogo, akajifanyia ishara ya msalaba. Kisha akafanya kitu ambacho ndicho kilinifanya nitake kuandika makala haya. Akachukua nyundo, akaanza kugonga matimba ya juu, moja baada ya jingine, kichwa kimeinama, anasikiliza. Gogo moja lilimchelewesha. Aliligonga tena, akalisukuma kwa goti, akaita mwenzake. Walileta kabari, wakaikaza. Hapo ndipo alipowasha tochi na kuweka mguu kwenye ngazi.

Nilimuuliza kama hufanya hivyo kila siku.

"Kila siku, dada. Sala ni yangu na Mungu. Matimba ni yangu na wenzangu walio chini."

Alisema haya akiwa tayari ameshazama hadi kifuani, bila kutaka kunifundisha kitu, kwa sauti ya mtu anayewahi kazi. Lakini nilirudi na maneno hayo mpaka Shelui. Katika wiki zile za kusubiri nilikuwa na sala bila matimba.

Ng'ambo ya mashimo, chini ya mti, kina mama walikuwa wakiponda mawe kwa nyundo kabla hayajapelekwa kwenye karasha kusagwa. Wanalipwa kwa ndoo, dhahabu iwemo isiwemo. Mmoja wao, wa umri wangu, alinisogezea ndoo iliyopinduliwa nikae. Hakuwa na falsafa yoyote ya kunipa. Alilalamika mgongo, akalalamika vumbi, akaniuliza bei ya unga Singida mjini. Kilichomfanya achangamke ni nilipomuuliza kuhusu jumuiya ya nyumba kwa nyumba. Yeye ndiye mtunza hazina. Jioni ile walikuwa wakutane kwa mgonjwa, na alikuwa amekwisha kununua sukari ya uji. Alinieleza mambo ya ule uji, nani ataleta sufuria na nani hana budi kukumbushwa, kwa umakini ambao sijauona katika mikutano mingi ya ofisini. Huyo mgonjwa, nikajua baadaye, alikuwa hana matumaini ya kupona. Uji ulipikwa hata hivyo, na sukari iliwekwa ya kutosha.

Uchimbaji una hesabu yake ya vifo. Oktoba 2015, huko Nyangalata mkoani Shinyanga, shimo liliporomoka na kuwafungia wachimbaji sita chini ya ardhi. Mmoja alikufa humo. Watano walitolewa hai katikati ya Novemba, baada ya siku 41, wakati waliokuwa juu wamekwisha kukata tamaa. Waliishi kwa kula mizizi, vyura na mende, na kunywa maji yaliyochuruzika kwenye mwamba. Mmoja wao alifariki baadaye hospitalini. Nimeisimulia habari hii mara nyingi tangu wakati ule, na kila mara wasikilizaji hukimbilia muujiza wa kutoka. Mimi huvutwa na zile siku zenyewe. Betri za tochi zilikwisha. Hawakujua kama kuna anayechimba kuwafuata. Katika giza hilo mtu alipaswa kuamka, aende kukinga maji, arudi ampe mwenzake. Siku ya ishirini haikuwa na sababu ya kuonekana bora kuliko siku ya kumi, na bado mtu alikinga maji.

Ipo pia habari ya upande mwingine, na si haki kuiacha. Januari 2024, katika machimbo ya Ng'alita, Bariadi, watu 22 walifukiwa na kufa baada ya kuingia eneo lililokuwa limezuiwa kwa sababu ya mvua kubwa. Siwahukumu marehemu. Njaa ina kauli yake na aliyeshiba hapaswi kuijibu kwa niaba ya mwenye njaa. Ila nimewahi kusikia, na wewe msomaji umesikia, watu wakisema juu ya ajali kama hizo kwamba siku ilikuwa imefika, na hapo mazungumzo yakafungwa. Hivyo hivyo juu ya basi lililoshuka Sekenke na breki mbovu. Mimi siamini kwamba maneno hayo ni imani. Imani niliyoiona mdomoni mwa lile shimo ilikuwa na nyundo mkononi.

Na pale watu wanaposhindwa kuvumilia kutoijua kesho, hutokea wa kuwauzia. Kanda yote ya Ziwa inakumbuka miaka ya kuanzia 2007, watu wenye ualbino walipouawa na kukatwa viungo kwa sababu waganga waliwaahidi wachimbaji na wavuvi bahati. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kwa sababu ya mauaji hayo. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo, Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako. Siyaweki matukio haya katika mizani moja. La kwanza ni uovu wa kumwaga damu, la pili ni msiba wa watu waliokuja na shida zao. Lakini niliposimama nikawaza, niliona kiu ile ile ninayoijua kwangu: nipeni kesho sasa hivi, nipeni uhakika, bei yoyote.

Jioni za Shelui ni joto, upepo unatoka Wembere ukiwa na harufu ya vumbi na moshi wa mkaa. Tulikaa nje na mdogo wangu, tukiwa na ndoo mbili za maji yaliyotoka bombani. Ni maji ya Ziwa Victoria. Yamefika hapa kwa mradi wa Tinde na Shelui, uliojengwa kwa mkopo kutoka India. Kabla ya mwaka 1914 wahandisi wa Kijerumani walikuwa tayari na mpango wa kuyavuta maji ya ziwa hilo hilo mpaka Wembere, wamwagilie pamba. Walipima, wakachora, vita vikaja, na karatasi zikabaki karatasi. Imepita karne moja na zaidi kati ya michoro ile na hizi ndoo. Katika karne hiyo waliokuwa na kiu hawakunywa mpango. Walifukua mchanga wa mito iliyokauka, wakakaa kando ya kishimo wakisubiri maji yajikusanye, wakachota kata kwa kata, wakapika, wakaogesha watoto, wakawaoza. Bibi yake jirani yetu aliishi na kuzeeka hivyo. Nafurahi kwamba bomba limefika, nafurahi sana, na natamani lingefika zamani. Ila wale waliochota kata kwa kata hawakuwa wakisubiri maisha yaanze.

Nyumba ya pili kutoka kwa mdogo wangu anaishi mzee mmoja Mwislamu, mkulima. Nilimkuta shambani mapema, kabla jua halijachoma, yeye na mkewe na wajukuu, wanapanda mtama. Mvua ilikuwa bado. Udongo ulikuwa mkavu kiasi kwamba jembe lilipoingia lilitoa moshi.

"Shikamoo mzee. Mnapanda kwenye vumbi?"

"Marahaba mwanangu. Tunapanda kwenye vumbi."

Alinieleza sababu zake, na zilikuwa za mkulima anayejua kazi yake. Mvua ya Singida ni msimu mmoja tu, unaoanza mwisho wa Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na katikati yake mara nyingi jua hukatiza wiki kadhaa. Anayesubiri ardhi ilowe ndipo aanze kulima hupoteza mvua za kwanza, na mtama uliochelewa hukutwa na ukame ungali mchanga. Basi unaiweka mbegu chini mapema ili mvua ya kwanza iikute mahali pake. Hatari ipo. Manyunyu ya uongo yanaweza kuja, mbegu ikachipua, kisha jua likaichoma yote, na mkulima akapanda upya kwa mbegu ambayo angeila. Ukishastawi mtama, wapo kweleakwelea wanaozaliana kwa wingi huko Wembere na kushuka kama wingu juu ya masuke. Ukiwashinda kweleakwelea, ipo bei. Alinikumbusha mwaka 2023, wakulima walipokuwa wameitikia wito wa kulima alizeti kwa wingi, na bei ikaanguka kwa sababu ya mafuta ya kula kutoka nje. Alikuwa na magunia ndani wakati ule. Aliyaeleza yote haya bila kuacha kupiga jembe.

Nilimuuliza swali nililokuwa nimekuja nalo tangu nyumbani, ingawa sikulieleza lilikotoka. Nilisema, mzee, mtu anaendeleaje kupanda na hajui?

Aliegemea mpini. Akanisimulia ile hadithi ya Mtume, iliyopokewa na Anas bin Malik, ya mtu ambaye Kiama kinamkuta na mche mkononi: kama anaweza kuupanda kabla hakijasimama, basi na aupande. Alinisimulia kwa maneno yake ya Kiswahili, taratibu, na mkewe akaongezea kipande alichokisahau. Mimi ni Mlutheri. Nilikumbuka Waraka wa Yakobo na karipio lake kwa wafanyabiashara waliokwisha kupanga mji, mwaka na faida, na kesho yenyewe hawaijui. Nilikuwa nimelisoma karipio hilo tangu utotoni kama onyo la kutopanga. Pale kwenye vumbi lilinijia tofauti. Yakobo hawakatazi kwenda mjini. Anachowataka ni waende wakijua safari imo mikononi mwa nani. Na mche wa hadithi ni kazi ya kesho inayofanywa kwa mikono ya leo, na mikono ya leo ndiyo pekee mtu aliyopewa.

Mkewe hakuwa na muda wa mazungumzo marefu. Alinipa kopo la mbegu. Alinionyesha: punje chache katika kila shimo, usimwage, kisha unafukia kwa unyayo na kukanyaga kidogo, ndege wasizione. Mzee alitangulia na jembe, mimi nikafuata, wajukuu wakawa mstari wa pili wakinicheka nilivyoinama. Shimo, punje, unyayo. Jua lilipanda. Kwa mistari kadhaa ya shamba lile sikuikumbuka maabara. Na ilipokuja tena akilini ilinikuta nikiwa na kopo mkononi, na shimo linalofuata liko wazi, nikaangusha punje.

Nataka niseme wazi hapa, kwa kuwa najua wapo wanaosoma haya wakiwa na karatasi zao za hospitali ndani ya pochi, au kesi mahakamani, au mtoto aliyekwenda mbali na hapigi simu. Hofu haikuondoka Shelui. Ilikuwapo usiku, saa zile ambazo malori hupita na dirisha hutetemeka. Kilichobadilika ni kwamba iliacha kuwa na haki ya kunizuia. Kumtegemea Mungu nilikuwa nimekufanya kuwa njia ya kupata jibu zuri, na nilipokuwa sina jibu nikadhani sina imani. Yule kijana wa matimba hakuwa na jibu. Mama wa uji hakuwa nalo, na mzee wa mtama alikuwa ametia chakula chake ardhini bila kuona wingu. Walikuwa wanamwamini Mungu katika hali ya kutojua, mchana kweupe, na kazi inafanyika.

Alasiri ya siku ile ya kupanda mtama nilifungua kile kikundi cha simu cha harusi. Nikaandika jina langu na ahadi, kisha nikatuma mchango wote palepale. Mwenye harusi akapiga simu akishangilia, akaniuliza kama nitakuja mwenyewe. Nikamwambia nitakuja, Mungu akipenda, na kwamba anitafutie kitambaa cha sare.

Jumapili tulikwenda ibadani. Kanisa bado linajengwa. Kuta zimefika kwenye lenta, bati hakuna, madirisha ni matundu. Mdogo wangu aliniambia msingi ulichimbwa kabla yeye hajahamia, na kila mavuno yanaongeza kozi chache za matofali, na mwaka wa ukame hauongezi kitu. Lakini hawakusubiri paa. Turubai la bluu lilifungwa kutoka ukuta hadi ukuta upande wa madhabahu, mabenchi yalipangwa juu ya udongo ulioshindiliwa, na kwaya ilikuwa na sare. Ubatizo ulifanyika humo, watoto wawili. Waliozaliwa msingi ulipochimbwa sasa wanasoma shule ya msingi, na wao walibatizwa humo humo, ukuta ukiwafika wazazi magotini.

Baada ya ibada ukaja mnada wa sadaka za mazao. Waumini wote walitoka nje wakaunda duara, na meza ikawekwa katikati: trei za mayai, debe la alizeti, vitunguu, kibaba cha mtama, mafungu ya kambare wakavu wa Kitangiri, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Mzee wa kanisa mwenye sauti nzito alinadi. Vitunguu vilikwenda haraka. Mayai yalichukuliwa na mwalimu mkuu. Jogoo alishindaniwa, na mwisho akachukuliwa kwa elfu kumi na mbili na dereva wa lori aliyekwama Shelui akisubiri kipuri kutoka Dar es Salaam, mgeni kama mimi. Akalipa, akambeba jogoo, akavuka duara na kumpa bibi mmoja mjane aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini. Watu wakapiga vigelegele. Bibi alimpokea, akamwekea mkono mgongoni, akamshika hivyo kwa muda. Kisha akaita mjukuu, akamnong'oneza, na mtoto akamrudisha jogoo mezani.

"Bibi anasema auzwe tena!" alitangaza mnadi. "Bati hazijatimia! Tunaanzia elfu kumi na tano. Kumi na tano nani?"

Kumi na sita, ilisema sauti ya kwaya. Kumi na saba, alisema dereva yule yule. Nilinyoosha mkono.

"Ishirini!"